Eli Hakumnyamazisha Mtoto

Somo: 1 Samweli 3:1-18

Wapendwa Wakristo,

Wengi wenu mnakumbuka kwamba wakati wa likizo ya mwezi wa Juni walimu wa Shule ya Jumapili waliwaonyesha watoto sinema ya katuni katika ukumbi wetu. Shuka jeupe lilitundikwa ukutani, projekta ikaazimwa, akina mama wa Umoja wa Mama wakaandaa bisi na juisi ya ukwaju, na kwa neema ya Mungu umeme haukukatika. Watoto walicheka, wakanyamaza, wakacheka tena, kisha wakaenda makwao. Nilidhani jambo limekwisha, kumbe ndiyo kwanza lilikuwa linaanza. Jumapili iliyofuata, baada ya Misa, wazazi walinisubiri mlangoni mmoja mmoja, na kila mmoja alikuwa na neno lake. Nimeyatafakari maneno yao kwa majuma mengi, na sasa nataka kuyajibu, maana naona kwamba ndani yake Mungu anatuuliza jambo.

Kwanza niwaeleze sinema yenyewe, kwa ajili ya wale ambao hawakuiona. Inaitwa WALL-E, nayo ilitengenezwa Marekani mwaka 2008. Inaonyesha dunia ya miaka mingi ijayo, ambayo watu wameihama kwa sababu imejaa takataka. Watu walinunua, wakatupa, wakanunua tena, mpaka taka zikarundikana kufikia urefu wa maghorofa. Aliyebaki ni roboti mmoja mdogo, mchafu, mwenye macho ya huruma, na rafiki yake ni mende. Kila siku huzoa taka, huzibana, huzipanga. Watu wako mbali angani ndani ya chombo kikubwa, na wamekaa humo miaka mia saba. Hawatembei tena. Wamelala kwenye viti vinavyowabeba, kioo cha picha kiko mbele ya uso, na chakula wanakinywa kutoka katika bilauri. Siku moja yule roboti anakuta mche mmoja wa kijani kibichi, nao unapandwa katika kiatu kikuukuu na kupelekwa kwa watu hao, iwe ishara kwamba dunia inaweza kukaliwa tena. Hapo ndugu zangu mnaoisoma Biblia mtamkumbuka Nuhu na yule njiwa aliyerudi na jani mdomoni (Mwanzo 8:11). Sehemu ya kwanza ya sinema haina maneno karibu yoyote, kwa hiyo hata mtoto asiyejua neno la Kiingereza aliielewa bila mkalimani.

Sasa nije kwa wazazi.

Mzee mmoja, mtu ninayemheshimu sana, aliniambia, "Padri, kanisa ni mahali pa Neno. Hizi katuni za vitu vinavyoongea ni hadithi za Kizungu. Zinawafundisha nini wajukuu zetu?" Nilimjibu kwa heshima, na ninamjibu tena hapa. Mzee wangu, hebu fungua Waamuzi 9. Utakuta Yothamu amesimama juu ya mlima akiwasimulia watu wa Shekemu habari za miti iliyokwenda kutafuta mfalme. Mzeituni unaongea, mtini unaongea, mzabibu unaongea, na mwishowe mti wa miiba ndio unaokubali kutawala. Fungua pia Hesabu 22, umkute punda wa Balaamu akimwuliza bwana wake sababu ya kumpiga. Nabii mwenye macho mawili hakumwona malaika, mnyama akamwona. Mungu hakuona haya kuwafundisha watu wazima kwa kinywa cha punda. Tena babu zetu walitulea kwa hadithi za sungura na fisi, na hatukuharibika. Na kama shida ni Uzungu, basi tukumbuke kwamba katuni za Ubongo Kids, ambazo watoto wetu wameziona katika televisheni tangu mwaka 2014, zimetengenezwa papa hapa Dar es Salaam.

Mama mmoja alikuja na neno jingine, na hilo lilinigusa zaidi. Mtoto wake wa miaka sita alilia usiku kucha. Alimwuliza, "Mama, na sisi tutaihama dunia? Na bibi naye atapandaje hiyo ndege?" Wapendwa, mama huyu ana haki ya kulalamika. Si halali kumtwika mtoto hofu ambayo hata mabega ya mtu mzima hayaiwezi. Tuliwaonyesha watoto sinema, tukawaacha waende, bila kukaa nao hata dakika kumi kuwauliza wameona nini. Kosa hilo ni letu sisi viongozi, nami naliomba msamaha. Lakini nilimkumbusha yule mama mwisho wa hadithi. Nahodha wa kile chombo, ambaye hajapata kusimama kwa miguu yake, anainuka na kuyumbayumba, anauzima usukani uliokuwa unawazuia kurudi, na watu wanarudi nyumbani kupanda. Mtoto aliyeogopa aambiwe habari za kurudi, kisha apewe mche wa kumwagilia, maana mtoto mwenye kazi mkononi haogopi kama yule anayekaa tu.

Baba mmoja alikuwa amekasirika. Walikuwa ndani ya daladala kutoka Mbagala, akanywa maji, akaitupa chupa dirishani kama tunavyofanya sote. Binti yake akasema kwa sauti, abiria wote wakisikia, "Baba, nani ataiokota?" Watu wakacheka. "Padri," akaniambia, "mmewafanya watoto wetu kuwa polisi wetu. Heshima iko wapi?"

Na dada mmoja, mfanyabiashara wa sokoni, alisema neno zito kuliko yote. "Padri, walioichafua dunia ni matajiri, na sinema wametengeneza wao, kisha sisi maskini ndio tunaohubiriwa. Kwetu gari la taka halifiki, njia ni nyembamba. Nikiziweka taka nje, mbwa wanazitawanya. Nikizichoma, mnasema moshi. Niambie basi, nizipeleke wapi?"

Sikuwa na jibu la haraka kwa dada huyu, kwa sababu anasema kweli. Huko Marekani nako, sinema hii ilipotoka, wako waliosema kwamba inawahubiria watu, na wako walioona kinaya kwamba hadithi inayokemea kununua kupita kiasi ilikuwa na vinyago vyake vinauzwa madukani. Mwenye kuiongoza, Andrew Stanton, ambaye mwenyewe ni Mkristo, alieleza kwamba nia yake haikuwa kuhubiri juu ya mazingira bali kusimulia habari za upendo. Lakini neno la kweli haliwi uongo kwa sababu ya kinywa kilicholisema. Kayafa alitoa unabii bila kujua alichosema (Yohana 11:49-51).

Basi tuje kwa Eli. Kijana Samweli alilala hekaluni. Aliitwa, na ujumbe aliopewa haukuwa mtamu. Ulihusu nyumba ya mlezi wake mwenyewe, juu ya uovu ambao Eli aliujua na asiuzuie. Asubuhi mtoto akafungua milango kama kawaida yake, akaogopa kusema. Nani asingeogopa? Lakini Eli akamwita, akamtaka asimfiche hata neno moja. Mtoto akasema yote. Na Eli hakuuliza heshima iko wapi. Hakusema kwamba mtoto ametumwa kumwaibisha. Alitambua kwamba ni Bwana aliyesema. Macho yake yalikuwa yamefifia, lakini masikio yake yalisikia.

Wapendwa, naandika haya kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kumnyamazisha mtoto. Ilikuwa kabla sijapewa daraja la upadri. Tulikuwa tumepanga chumba karibu na bonde la Msimbazi, nyumba ya wapangaji wengi na choo kimoja cha shimo. Shimo lilikuwa limejaa, na gari la maji taka ni la fedha. Mvua kubwa ikaanza usiku, na wanaume wa nyumba ile tukafanya lile jambo ambalo wakazi wa mabondeni tunalijua kwa jina lake: tulitapisha choo. Tulitoboa ukuta wa shimo, uchafu ukaenda na maji ya mvua. Koleo nilikuwa nimelishika mimi. Mwanangu alisimama mlangoni na taa, akaniuliza, "Baba, yale maji yanakwenda wapi?" Nikamjibu, "Baharini. Nenda kalale."

Kweli Msimbazi unakwenda baharini. Unatoka vilima vya Pugu na kuishia karibu na daraja la Selander. Lakini kati ya ukuta wetu na bahari kulikuwa na nyumba za watu, visima vya watu, watoto wa watu wanaocheza katika matope. Mwanangu alilijua hilo, nami nililijua. Mwaka 2015, mwezi wa Agosti, kipindupindu kilipoanza Kinondoni na kisha kuenea sehemu kubwa ya nchi, na mamia wakafa, niliwazika watu. Nilisimama kaburini nikisoma ibada, na sauti ya mtoto mwenye taa ilikuwa masikioni mwangu. Sisemi kwamba shimo letu ndilo lililowaua hao. Miaka mingi ilikuwa imepita. Nasema kwamba niliulizwa swali na Mungu kwa kinywa cha mtoto, nikamwambia akalale.

Soma Kumbukumbu la Torati 23:12-14. Utashangaa kwamba Mungu anatoa sheria ya choo. Kila mtu awe na kijiti cha kuchimbia, atoke nje ya kambi, afukie uchafu wake. Na sababu yake ni nini? Ni kwamba Bwana mwenyewe anatembea kati ya kambi. Je, Bwana hatembei katika vichochoro vya Hananasif, Kigogo, Keko na Yombo?

Sasa nirudi kwa yule dada wa sokoni. Taka zetu zina historia katika mji huu. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata waliishtaki Halmashauri ya Jiji katika Mahakama Kuu kwa sababu ya jalala lililowatesa kwa moshi, harufu na nzi. Mahakama iliwapa haki. Jambo hilo latufundisha kwamba maskini akidai mazingira safi hafanyi makosa. Anadai haki yake, nasi kanisa tusimame naye. Kwa hiyo dada yangu, twende pamoja serikali ya mtaa, na mimi nitavaa kola yangu. Lakini tutazame pia yaliyofuata. Baadaye taka zilipelekwa Vingunguti, kisha Mtoni huku Temeke, kisha Pugu Kinyamwezi. Kila mara zilihamia kwa jirani mwingine. Ndiyo ile "baharini" yangu. Mwanasheria alimwuliza Bwana Yesu jirani yake ni nani (Luka 10:29). Katika mji wetu jibu moja ni rahisi: jirani yako ni yule anayekaa chini yako maji yanapoteremka.

Mnamo Desemba 2011 maji yaliteremka kwa nguvu mpaka watu zaidi ya arobaini wakapoteza maisha, na wengi wa mabondeni wakahamishiwa Mabwepande. Mvua ni ya Mungu, lakini mitaro iliyozibwa kwa chupa na mifuko si ya Mungu. Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki, ile tuliyoiita Rambo, tangu tarehe 1 Juni 2019, na tulidhani hatutaweza kuishi bila hiyo. Tumeweza. Tukarudi kwenye vikapu vya mama zetu.

Neno la mwisho juu ya Eli, na hili ni gumu. Eli alilipokea neno, lakini hatusomi kwamba aliondoka akawazuia wanawe. Alikubali, akaendelea kuketi kitini mwake. Na katika sura ya nne tunamkuta angali ameketi kitini, na hapo ndipo habari mbaya zinapomfikia. Basi haitoshi kumwachia mtoto aseme, wala haitoshi kutikisa kichwa na kusema, "Ni kweli, Padri." Yule nahodha wa katuni alisimama kwa miguu yake. Eli hakusimama.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Sikukuu yetu ya parokia isiache tena rundo la sahani za plastiki nyuma ya kanisa; sahani za bati tunazo, na vijana wana mikono ya kuosha. Kabla ya mvua za vuli, kila jumuiya isafishe mtaro ulio mbele ya nyumba zake, na nyumba zenye mashimo yaliyojaa zichangiane fedha za gari la maji taka, kanisa nalo litatoa sehemu yake. Na ninyi wazazi, jioni moja juma hili, mwulizeni mtoto wenu: "Umeona nini nyumbani kwetu ambacho si kizuri?" Akishajibu, msimwambie akalale.

Yule baba wa daladala nilimwona tena mwezi uliopita. Bado anasema binti yake ni polisi. Lakini alikuwa ameshika chupa tupu mkononi, na alitoka nayo Mbagala.

Tuombe. Ee Mungu, uliyemwita Samweli usiku na kumpa Eli masikio ya kumsikia, utupe na sisi unyenyekevu wa kufundishwa na watoto wetu, na nguvu ya kuinuka vitini mwetu. Uwalinde wakaao mabondeni. Utusamehe tulichowatupia jirani zetu gizani. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Mchungaji wenu katika Kristo.