KUAJIRIWA AU KUANZA KAZI YAKO MWENYEWE?

NENO LA MCHUNGAJI
Somo: Mwanzo 30:25-43, Mwanzo 31:38-42, Matendo 18:1-3



  

Ndugu zangu, tangu mwaka 2023, pale chakula cha msaada kilipoanza kutolewa kwa kutugawa katika makundi, na zaidi tangu mwaka 2025, mashirika yalipopunguza wafanyakazi, kuna swali moja ambalo watu wananiletea kuliko maswali ya ndoa. Kijana anauliza, “Mchungaji, niendelee kutafuta mtu wa kuniajiri, au nianze biashara yangu?” Mama anauliza, “Baba Mchungaji, tajiri wangu ananilipa kidogo. Niache nikafungue kibanda changu?”

Wengine wanataka niwajibu kwa neno moja. Lakini mimi naogopa kujibu kwa neno moja, kwa sababu nyuma ya swali hili kuna sufuria ya watoto. Tufungue Biblia kwanza.

YAKOBO ALIKUWA MKIMBIZI ALIYEAJIRIWA

Yakobo alitoka kwao akikimbia. Ndugu yake alitaka kumwua. Alifika Harani bila mifugo na bila mali. Sisi tuliovuka mpaka usiku na mfuko mmoja tunamwelewa vizuri. Akapokelewa na mjomba wake Labani, akaajiriwa kuchunga. Alitumika miaka saba kwa ajili ya Raheli, akapewa Lea. Akatumika miaka mingine saba, kisha sita kwa ajili ya mifugo. Jumla miaka 20. Na katika miaka hiyo, yeye mwenyewe anasema kwamba mshahara wake ulibadilishwa mara kumi (Mwanzo 31:41).

Mpendwa msomaji, tazama jinsi alivyofanya kazi ya mtu mwingine. Jua la mchana lilimchoma, baridi ya usiku ilimpiga, usingizi ulimkimbia. Mnyama akiraruliwa na wanyama wa mwituni, hasara ilikuwa yake. Hakula kondoo wa tajiri wake. Hata Labani, mtu mwenye hila, alikiri kwa kinywa chake kwamba Mungu alimbariki kwa sababu ya Yakobo (Mwanzo 30:27).

Basi wale wanaodharau kazi ya kuajiriwa wakisema ni utumwa, wasome hapo. Mungu alikuwa pamoja na Yakobo akiwa bado mfanyakazi wa mtu. Wewe unayelinda lango usiku, wewe unayefundisha shule kwa malipo madogo ya insentivu, wewe unayelima shamba la mwenyeji kwa kazi ya leja-leja, Mungu anaiona kazi yako. Paulo anawaambia Wakolosai kwamba anayefanya kazi kwa moyo anamtumikia Bwana Kristo, na thawabu yake inatoka kwake (Wakolosai 3:23-24).

Lakini angalia tena. Yusufu alipozaliwa, Yakobo alimwendea Labani na swali: mali yako imeongezeka mikononi mwangu, na mimi nyumba yangu nitaishughulikia lini? (Mwanzo 30:30). Swali hilo si dhambi. Si kiburi. Ni swali la baba aliyewatazama watoto wake wakilala. Mungu hakumkemea kwa kuliuliza.

YAKOBO HAKUACHA KAZI SIKU ILE

Hapa ndipo nataka tukae kidogo, maana wengi wetu tunapasoma haraka.

Yakobo hakutupa fimbo ya uchungaji siku ile aliyouliza. Alifanya mapatano. Alisema, sitaki unipe kitu sasa. Wanyama wenye madoadoa na mabaka, na kondoo weusi, hao ndio watakuwa ujira wangu. Labani akawatoa wanyama hao siku ile ile, akawapeleka mwendo wa siku tatu, ili Yakobo aanze na mikono mitupu. Na Biblia inasema Yakobo aliendelea kulichunga kundi la Labani (Mwanzo 30:36). Kundi lake lilizaliwa kidogo kidogo, wakati bado anachunga la tajiri. Baada ya miaka sita ndipo akaondoka na kundi lake.

Naomba niseme habari yangu, ingawa si ya kujisifu. Nilifika Nakivale mwaka 2010. Kwa kuwa nilisoma chuo cha Biblia na najua lugha kadhaa, nilipata kazi ya ukalimani. Malipo yalikuwa madogo lakini yalifika kila mwezi. Mwaka 2014 nilikosana na msimamizi wangu. Nilirudi nyumbani na hasira, nikamwambia mke wangu, “Kuanzia leo simtumikii mtu.” Yeye akaniuliza, “Na watoto watakula hasira yako?” Sikumsikiliza.

Nilikuwa na akiba ya shilingi 700,000. Nikakopa 500,000 katika likelemba yetu, pesa za wamama wa kanisa. Nikafungua butiki: unga, maharagwe, mafuta, sabuni, chumvi. Mwezi wa kwanza watu walijaa. Mwezi wa pili nikaanza kuandika madeni, kwa maana mchungaji atamwambiaje mwamini mwenye njaa kwamba hakopeshi? Msiba ukitokea nilitoa pesa kwenye kisanduku cha duka. Mgeni akija tulipika unga wa duka. Mwezi wa saba, daftari la madeni lilikuwa na shilingi 460,000 na rafu zilikuwa na viberiti na chumvi. Nikafunga.

Sikulaumu Shetani. Shetani hakuja kuchukua unga wangu. Mimi niliondoka kazini kwa hasira, nikaanza kwa mkopo, na sikutenga mfuko wa duka na mfuko wa nyumba. Bwana Yesu alisema wazi kwamba anayetaka kujenga mnara huketi kwanza akahesabu gharama (Luka 14:28). Mimi nilisimama, sikuketi. Nilifanya leja-leja miezi 14 kulipa deni la wamama wale, na binti yangu mkubwa alikosa shule muhula mzima. Hilo la binti yangu bado linaniuma.

MAMA MWENYE CHEREHANI

Miaka iliyofuata, mama mmoja mjane alinijia. Alikuwa akishona katika kibanda cha mtu sokoni, analipwa kwa kila nguo. Alikuwa na karo ya watoto mkononi. Akauliza, “Baba, ninunue cherehani kwa pesa hii?” Nilimweleza habari ya butiki yangu bila kuficha. Kisha tukasoma pamoja Mwanzo 30.

Alirudi kwa tajiri wake, akafanya mapatano kama Yakobo. Alimwomba kwamba jioni, kazi ya kibanda ikiisha, atumie cherehani ile kushona vitenge vya wateja wake mwenyewe, na kwa kila nguo amlipe tajiri sehemu yake. Tajiri alikubali, kwa sababu miaka mitatu hakuwahi kumwona akikata kipande cha kitambaa cha mteja na kukificha. Uaminifu wake ulikuwa ndio mtaji wake wa kwanza. Karo ililipwa. Baada ya miezi 11 alinunua cherehani ya miguu iliyotumika. Aliaga vizuri, na hadi leo tajiri yule kazi ikimzidi humpelekea.

Sisemi kila mtu atafanikiwa hivyo. Ndugu mwingine katika kanisa letu alijaribu kuuza samaki kutoka ziwani, akaona moyo wake hauna amani na hesabu zinamshinda. Alirudi kuwa mlinzi. Leo anatoa zaka yake, watoto wanasoma, na analala usingizi, ijapokuwa analala mchana! Je, huyo ameshindwa maisha? Hapana. Amejua kipawa chake.

MAMBO YA KUPIMA KABLA YA KUAMUA

Wapendwa, mimi si mtaalamu wa biashara. Nawaachia mambo matano kutoka katika Neno na kutoka katika makovu yangu.

1. Pima sababu. Je, unaondoka kwa kuwa umeona kazi ambayo mikono yako inaweza, au kwa kuwa umemchukia bosi? Je, unafungua duka kwa kuwa jirani yako amefungua? Katika mstari mmoja wa vibanda unaweza kukuta watu sita wanauza nyanya zile zile, na wote wanalia. Tafuta kinachokosekana.

2. Anza ukiwa bado unachunga. Kama una kazi, usiiache kabla kundi lako dogo halijazaliwa. Kama huna kazi, anza na kiasi ambacho kikipotea watoto bado watakula. Karo, dawa na chakula cha mwezi si mtaji.

3. Tenga mifuko. Pesa ya kazi na pesa ya nyumba zisilale pamoja. Jilipe kitu kidogo kwa wiki kama mfanyakazi wa duka lako, na sadaka yako itoke humo. Ukitaka kumsaidia mwenye njaa, mpe kutoka mfuko wako na useme ni zawadi. Usimwandike deni ambalo unajua hawezi kulipa, maana mwisho utapoteza unga na rafiki.

4. Toka kwa njia safi. Yakobo alichunga kwa uaminifu, lakini aliondoka kwa siri, na Raheli akabeba vinyago vya baba yake. Ndiyo maana Labani aliwafuatia njiani kwa hasira. Wewe aga. Usiondoke na vifaa vya tajiri, wala na pesa ambayo mteja alitanguliza.

5. Ukiwa tajiri, kumbuka ulikotoka. Yule mama mjane sasa ana binti anayemsaidia. Nilimwambia, “Mama, leo wewe ndiwe Labani. Usibadilishe mshahara wake mara kumi.” Torati inaagiza mfanyakazi maskini alipwe siku hiyo hiyo kabla jua halijatua, awe ndugu au mgeni (Kumbukumbu 24:14-15). Na Yakobo mtume anasema ujira uliozuiliwa unapiga kelele, na Bwana anasikia (Yakobo 5:4). Wengi wetu tumelia kwa ajili ya matajiri wabaya. Tusiwalize wengine.

UJUZI HAUBAKI MPAKANI

Kabla sijamaliza, tuwakumbuke Akila na Prisila. Kaisari Klaudio aliamuru Wayahudi wote watoke Rumi, nao wakafukuzwa kama sisi tulivyofukuzwa. Walipofika Korintho walikuwa na kitu ambacho askari hakuweza kuchukua: walijua kushona mahema. Paulo akakaa kwao, wakafanya kazi pamoja. Baadaye tunawaona Efeso, kisha tena Rumi, na kanisa likikutana nyumbani mwao (Warumi 16:3-5).

Ndugu yangu, sisi hatujui kama kesho tutarudi Kivu, au tutaitwa kwenda nchi ya mbali, au tutazeekea hapa. Duka halivuki mpaka. Ujuzi unavuka. Kwa hiyo, ukiajiriwa, jifunze kitu. Usihesabu mshahara tu, hesabu pia ulichojua mwaka huu ambacho mwaka jana hukujua. Na wazazi, mtoto akitaka kujifunza useremala au kushona, msiseme amekosa masomo. Huenda mnamtazama Akila.

Tena tumshukuru Mungu kwa nchi iliyotupokea. Sheria ya wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inaturuhusu kuajiriwa na kufanya biashara. Wako ndugu zetu katika kambi za nchi nyingine ambao hata kutoka kambini kutafuta kibarua ni kosa. Basi mlango ambao Mungu ametufungulia tusiuchafue kwa mizani ya uongo wala kwa kukwepa ushuru wa soko. Yeremia aliwaandikia waliohamishwa Babeli wajenge nyumba, wapande bustani, na wautakie amani mji ule walikopelekwa (Yeremia 29:5-7). Neno hilo ni letu.

Basi, kuajiriwa au kujiajiri? Labani si Mungu wako, na duka lako pia si Mungu wako. Kwa Labani, Yakobo aliona kwamba Mungu ndiye aliyemlinda asifukuzwe mikono mitupu (Mwanzo 31:42). Mungu huyo yuko katika shamba la tajiri na yuko katika kibanda chako. Keti, hesabu, omba, zungumza na mwenzako wa ndoa, halafu amua bila hasira. Na wewe uliyejaribu ukaanguka, usijifiche kwa aibu na kukimbia ibada kwa sababu una deni kwa ndugu. Njoo, useme, tupange namna ya kulipa. Mimi nililipa miezi 14, na wamama wale ndio wanaonipikia chai leo.

Tuombe: Ee Baba, uliyetembea na Yakobo katika nchi ya ugenini, tazama mikono yetu. Wanaotafuta kazi, wafungulie mlango. Walioajiriwa, wape uaminifu. Wenye biashara, wape hesabu njema na moyo wa huruma. Wenye madeni, wape njia. Watoto wetu wasikose shule kwa sababu ya haraka yetu. Katika jina la Yesu Kristo. Amina.

Mtumishi mwenzenu katika shamba la Bwana,
Mchungaji wenu