Deni Halilipwi kwa Amana

Mji wa Isiolo ulikua juu ya deni la askari. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, serikali ya kikoloni iliwaruhusu Wasomali wa koo za Isaaq na Harti waliokuwa wameitumikia jeshini wakae hapa na mifugo yao, kama kifuta jasho. Shukrani hiyo ilikuwa na kasoro moja kubwa: malisho yaliyotolewa hayakuwa mali ya mtoaji. Wafugaji wengine walikuwa wakiyatumia tangu zamani, na hadi leo swali la nani mwenyeji na nani mgeni halijaacha kuulizwa Isiolo. Sasa mji huo huo una kambi ya jeshi na chuo cha kufunza askari wa miguu, na katika siasa za Kenya cheo cha jeshi hakistaafu pamoja na mwenyewe. Meja, Kanali au Jenerali hutangulia jina la mgombea kwenye bango, na neno "mstaafu" hubanwa kando. Ndipo linapokuja swali ambalo ni la dini na maadili kabla halijawa la siasa: je, mtu aliyekuwa tayari kufa kwa ajili yetu anatudai kura?

Kwamba anatudai, hakuna ubishi. Mtu aliyelala mahandakini ili wengine walale vitandani ana haki juu ya hao waliolala. Ila kuna deni, na kuna amana, na hivi viwili havichanganywi. Ukiachiwa mbuzi wa jirani aliyesafiri, huwezi kumchinja kumkirimu mgeni wako, hata kama mgeni huyo aliwahi kukuokoa mtoni. Mgeni anastahili kukirimiwa, lakini mbuzi si wako. Kura iko hivyo. Mbunge nitakayemchagua atawatungia sheria watoto ambao hawajapiga kura, jirani aliyempigia mwingine, na mchungaji wa Merti ambaye siku ya kura alikuwa mbali akichunga ng'ombe wake. Uislamu unauita uongozi amana ambayo mwenye kuibeba ataulizwa Siku ya Kiyama. Ukristo unamwita kiongozi wakili wa mali isiyokuwa yake. Nikiitumia amana hiyo kulipa deni langu, nimefanya walichofanya wakoloni hapa: nimeshukuru kwa mali ya watu.

Tuupime mwenendo huu wa kulipa deni kwa kura kwa kuwatazama wale waliotoa zaidi. Kenya ilipeleka jeshi Somalia Oktoba 2011, na tarehe 15 Januari 2016 kambi yake ya El Adde nchini humo ilivamiwa, vijana wengi wa Kenya wakauawa. Kama kujitoa mhanga kungelipwa kwa viti vya Bunge, basi wanaostahili kuketi humo mbele ya wote ni hao waliozikwa. Malipo ambayo hayawezi kumfikia aliyetoa kila kitu, ila aliyerudi salama na akajaliwa sauti ya kuomba, hayawezi kuwa malipo ya haki. Deni la askari lina njia zake za kulipwa: pensheni isiyocheleweshwa, matibabu ya mguu uliokatika na ya akili iliyojeruhiwa, karo ya yatima, heshima kwa mjane. Nchi inayomlipa askari mmoja kwa kiti na kuwasahau wajane mia haijalipa kitu.

Vitabu vya dini vimelitazama jambo hili bila kupepesa macho. Katika Waamuzi sura ya 8, Gideoni anarudi kutoka vitani na watu wanamwomba awatawale, yeye na mwanawe na mjukuu wake, kwa sababu amewaokoa. Anakataa, akisema mtawala wao ni Mungu. Lakini papo hapo anaomba hereni za dhahabu zilizotekwa, anatengeneza naivera, yaani vazi la kikuhani, na naivera hiyo inageuka tanzi kwa nyumba yake. Kukataa kiti ni rahisi kuliko kukataa sifa. Katika historia ya Uislamu, Umar bin Khattab aliposhika ukhalifa alimwondoa Khalid bin Walid kwenye uamiri mkuu, na sababu inayosimuliwa ni kwamba watu walikuwa wameanza kuutegemea upanga wa Khalid wakamsahau Mungu aliyeujalia ushindi. Khalid hakuasi. Aliendelea kupigana chini ya Abu Ubaida. Pengine huo ndio ushindi wake mgumu kuliko wote.

Wenyeji wa Isiolo hawakuhitaji kungoja vitabu hivyo. Katika mfumo wa gadaa wa Waborana, rika la raaba ni la wapiganaji, na utawala huja katika rika jingine, baadaye. Kwa Wasamburu moran, vijana wapiganaji, hulinda mifugo, lakini neno la mwisho ni la wazee. Mkuki na fimbo vinaweza kushikwa na mkono mmoja, lakini si katika umri mmoja. Ukitaka kuona sababu, simama kisimani wakati wa kiangazi. Ng'ombe wanalia kwa kiu, vumbi limetanda, na mwenye ng'ombe mia anasimama nyuma ya mwenye mbuzi kumi kwa sababu aba herega, msimamizi wa kisima, amepanga zamu hivyo. Kisimani hapo ushujaa hausongezi foleni. Anayehitajika ni mtu anayeweza kumsikiliza aliyekasirika bila kumwamrisha.

Kuna atakayesema kwamba nawaonea askari, kwa sababu mpinzani wao mara nyingi ni tajiri asiyewahi kujinyima chochote. Ni kweli, na Katiba haiwazuii: Kifungu cha 99 kinamzuia aliye bado kazini katika utumishi wa umma, si aliyestaafu. Jirani zetu wa Saku, Marsabit, walimchagua Kanali mstaafu Dido Rasso mwaka 2017 na tena 2022. Ujuzi wa askari unaweza kuwa na faida kubwa pia, maana Kifungu cha 241 kinataka Bunge la Kitaifa liidhinishe kabla jeshi halijatumwa kutuliza ghasia nchini. Wabunge walipoidhinisha hatua hiyo tarehe 26 Juni 2024, wakati wa maandamano ya vijana, nchi ilihitaji watu wanaojua bunduki hufanya nini barabarani, na wenye ujasiri wa kuihoji amri. Lakini tazama sifa inayotakiwa hapo: ni kuhoji, na jeshini alifunzwa kutii. Utumishi wake ni ushahidi wa moyo wake, nao upimwe pamoja na ushahidi mwingine. Haumalizi kesi.

Tena, ushahidi huo husomwa tofauti kutoka kijiji hadi kijiji. Meja Jenerali Joseph Nkaissery alichaguliwa mbunge wa Kajiado ya Kati mwaka 2002 na akaheshimiwa huko. Pokot Magharibi jina lake liliambatana na Operesheni Nyundo ya 1984, msako wa silaha unaokumbukwa huko kwa ukatili wake. Isiolo yenyewe ilionja vita vya Shifta, kati ya serikali na waliotaka kujitenga, watu wakafungiwa kambini Garba Tulla na Merti na mifugo yao ikateketea, kisha sheria ya mwaka 1970 ikawakinga askari na maofisa wasishtakiwe kwa waliyoyatenda. Kwa mzee wa hapa, gwanda halina maana moja. Mgombea anayelivaa kama sifa anamwomba mzee huyo asahau, na hiyo nayo si haki yake kuomba.

Basi kabla ya uchaguzi wa tarehe 10 Agosti 2027 mstaafu akija kuomba kura Isiolo, apewe kiti cha mbele na chai, na asikilizwe kwa adabu inayomstahili. Kisha aulizwe anachoulizwa mwalimu au mfanyabiashara: zamu ya maji ataipangaje kati ya jamii zinazogombea malisho, na siku serikali itakapotaka kuleta askari hapa, atauliza nini kabla ya kuinua mkono? Anachotudai kama askari tutaendelea kumlipa hata akishindwa. Fimbo ni ya watu wote, na haitolewi kama kifuta jasho.