Kidole Kisichonyooka

Wajukuu zangu,

Juzi jioni nilikuwa nimekaa nyuma yenu pale kijiweni, jirani na karasha la kusaga mawe ya dhahabu. Hamkuniona. Simu moja, vichwa sita, mnatazama ngumi. Mmoja wenu, kijana ambaye tangu alfajiri alikuwa akipandisha mifuko ya mawe kutoka duarani, shimoni kwenye machimbo, akasema: "Huyu Mwakinyo mbona wa kawaida tu? Akija hapa Kahama namlaza." Mwenzake akamjibu: "Peke yako hapana. Tukiwa watatu, dakika moja nyingi." Mkacheka. Mimi nikakitazama kidole changu cha mwisho cha mkono huu wa kulia, nikanyamaza. Leo nawaambia habari zake.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Nilikuwa mbebaji kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Gunia la kilo mia nililichukua mgongoni, nikapanda nalo ubao hadi kwenye lori, nikashuka nikipiga mluzi. Mtaani kwetu alikaa mzee mmoja aliyestaafu jeshi, mfupi, mkavu, mwenye kikohozi. Uani kwake, kwenye mwembe, alitundika gunia lililojaa nguo chakavu, akawafundisha watoto kurusha ngumi. Siku moja nikamtania mbele ya watu. Tukawekeana kreti ya soda.

Akaniambia: "Piga unavyoweza. Mimi nitakupiga moja tu, tena ukishachoka."

Ya kwanza ikapita sikioni kwake. Ya pili ikakuta upepo. Nikaongeza nguvu, nikaanza kuzungusha mkono kutoka nyuma ya bega kama mtu anayepiga nyundo ya mawe. Yeye alikuwa akisogea nusu hatua tu, macho yake yako kifuani kwangu. Ya tisa ikampata. Ila ilimpata pale alipotaka mwenyewe: aliinamisha kichwa, ngumi ikatua kwenye paji la uso. Nikasikia kitu kimelia kaa! Nikadhani nimemvunja. Kumbe ni mfupa wangu. Wakati natazama mkono, akanigusa chini ya mbavu za kulia, penye ini. Nilipiga magoti bila kupenda. Pumzi ilipotea, nikabaki nimefungua mdomo kama samaki wa mnadani. Mzee ndiye aliyenifunga kile kidole kwa kijiti na kitambaa, huku akikohoa. Hakikunyooka tena.

Sasa sikilizeni alichonieleza tukiwa tunakunywa soda nilizozilipia mimi.

Asiyefundishwa huionyesha ngumi yake kabla haijaondoka. Bega hupanda, mguu hukanyaga, uso hukunjamana. Aliyefundishwa anasoma hayo yote kama wewe unavyosoma mwamba na kujua mshipa unakoelekea. Asiyefundishwa huziba pumzi anapopiga. Nusu dakika tu mikono inakuwa mizito. Bondia wa kulipwa amezoea raundi ya dakika tatu, apumzike dakika moja, arudi tena, na mapambano makubwa huenda mpaka raundi kumi na mbili. Asiyefundishwa akipigwa hufumba macho. Aliyefundishwa ameshapigwa mara elfu mazoezini, kwa hiyo hashtuki. Tena mikono yake imefungwa bandeji na kuvishwa glavu, wewe unapiga fuvu la mtu kwa vidole vitupu.

Nguvu mnazo, sikatai. Lakini nguvu ya duarani ni ya duarani. Mjuzi wa kupanga matimba, zile nguzo za kuzuia shimo lisiporomoke, mbona hammpi kazi ya kuchomelea geti? Kila kazi na fundi wake. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Huyo bondia Hassan Mwakinyo mnayemwona wa kawaida, uzito aliojulikana nao haufiki kilo 70. Septemba 8, 2018 aliitwa Birmingham, Uingereza, kwa taarifa ya muda mfupi, akapigane na Sam Eggington nyumbani kwake. Eggington alikuwa mtu wa kazi hiyo hiyo, ana mataji, ana walimu. Alimalizwa raundi ya pili. Miaka minne baadaye, Septemba 2022, Mwakinyo huyo huyo alikwenda Liverpool kwa Liam Smith, naye akashindwa raundi ya nne. Hesabuni ngazi hizo. Juu ya Eggington yuko Mwakinyo, juu ya Mwakinyo yuko Smith. Na ninyi wa kijiweni mnataka kuruka mpaka ngazi ya kati bila kukanyaga ya kwanza.

Mtasema: je, Mandonga? Ndiyo, nchi nzima ilimcheka bondia Karim Mandonga na ngumi zake alizozipa majina, hasa Julai 2022 Shaban Kaoneka alipomlaza kule Songea. Lakini Januari 2023 huyo mnayemcheka alikwenda Nairobi akamshinda Daniel Wanyonyi. Wa kuchekwa ulingoni si wa kuchekwa barabarani. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Limebaki lile neno la "tukiwa watatu". Hapa ndipo nilipokosa usingizi.

Watatu wasiojua huzuiana wenyewe kwa wenyewe. Fundi hujivuta pembeni mpaka mnasimama mstari mmoja, anakuwa na mmoja mbele yake kila mara. Lakini kumi wenye mawe na marungu watamshinda, hilo sibishi. Thomas Mashali alikuwa bondia wa kulipwa, mtu aliyepanda ulingoni na bondia maarufu Francis Cheka. Mwisho wa Oktoba 2016, Kimara, Dar es Salaam, alishambuliwa na watu, akafa. Niambieni: nani alishinda pambano lile? Nani alinyanyuliwa mkono? Hakuna raundi iliyohesabiwa. Yaliyobaki ni msiba.

Huku kwetu kushambulia kwa kundi kuna hatari zaidi. Eneo hili la Kahama na majirani zake ndilo lililozaa Sungusungu, ulinzi wa wanakijiji wenyewe, mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe ulipotuzidi. Mwano, yaani yowe la hatari, ukipigwa, kila mwanamume anatoka mbio. Ni jambo jema la kulinda jamii. Ila kwenye rashi, machimbo mapya ambapo watu wamekuja jana kutoka pande zote na hakuna anayemjua mwenzake, mwano ule unaweza kupigwa na mlevi aliyezidiwa kwenye ugomvi wa meza ya baa. Akisema "mwizi", ninyi mnafika na mawe kabla ya maswali. Na sheria haiulizi jiwe la nani lilitangulia. Kwa Kanuni ya Adhabu, walioungana kwa nia moja kila mmoja hubeba kosa zima, na kosa la kuua kwa kukusudia adhabu yake ni kunyongwa.

Hata ulingoni kwenyewe, penye mwamuzi, daktari na kanuni, ngumi huua. Desemba 2024 Hassan Mgaya alipigana Dar es Salaam, akafariki baada ya pambano. Kama hapo pana kifo, itakuwaje barabarani, ambapo mtu akianguka kichwa kinagonga zege na hakuna wa kuhesabu kumi?

Basi nawausia. Anayeipenda ngumi aende akajifunze. Atafute mwalimu, apimwe afya, apande ulingoni na wa uzito wake, chini ya kamisheni ya ngumi za kulipwa akifika huko. Huyo nitakuja kumshangilia na bakora yangu. Anayeitaka kwa ajili ya sifa za kijiweni, aache leo. Ukichokozwa, ondoka. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, na mama zenu wamechoka kulia. Ukisikia mwano, nenda, lakini nenda ukiuliza. Mshukiwa mpelekeni kwa mwenyekiti wa mtaa au polisi akiwa mzima.

Na anayebisha aje nyumbani jioni, ashike kidole hiki, ajaribu kukinyoosha.