Kufupisha Bila Kupoteza

Baada ya matanga niliweka meseji zote za mzee kwenye faili moja, nikafungua teminali, nikaandika: gzip -k mzee.txt. Bila hiyo -k, faili ya kwanza inafutwa.

Gzip, ya tangu 1992, haipotezi kitu. Maneno yakijirudia inaacha alama tu: rudi nyuma hapa, soma herufi kadhaa. "Umekula?" ya kila jioni ikawa vialama. Lakini "Nisamehe kwa ile siku," aliyoandika mara moja, ilibebwa karibu herufi kwa herufi.

Sisi kwenye wasifu wa marehemu tulisoma yaliyojirudia pekee: mpole, mcheshi, mcha Mungu. Ile siku tukaitupa, na msamaha aliouomba ukaenda nayo. Tulimsitiri, ama tulimfuta?