Kijiti Ndani ya Gego

Ilikuwa punje moja tu ya jiwe, imejificha ndani ya muthokoi. Niliitafuna kwa upande wa kushoto, na mlio wake hata waliokuwa mezani waliusikia. Gego dogo la juu, lile lililouawa mshipa miaka ya nyuma, likapasuka na kipande kikaanguka sahanini kama ganda la yai.

Kesho yake nikapanda ngazi za kliniki moja hapa Mlolongo, dirisha lake likitazama barabara ya Mombasa. Nilingoja nimeshika shavu, nikiyatazama malori yakielekea mizani. Foleni yao ndiyo iliyoupa mji wetu jina, na hata barabara ya juu ya kilomita 27 iliyofunguliwa mwaka 2022, inayoanzia hapa hapa kwenda Westlands, haijaimaliza. Pale mizani hawapimi uzito wa lori zima tu. Kila ekseli hupimwa, maana lori laweza kuwa na tani halali na bado likaibomoa lami kwa sababu mzigo umelalia mahali pamoja. Jambo hilo lilinirudia nusu saa baadaye, kinywa kikiwa wazi.

“Mzizi bado mzima, mzee,” daktari alisema. “Tutaweka posti.”

Akanionyesha kijiti cheupe kinachopitisha mwanga, chembamba kuliko njiti ya kiberiti: nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi ngumu.

“Hiki, binti yangu? Hapo Athi River tu saruji na nondo zinatoka kila siku, nawe wanitilia kioo?”

Akacheka. “Nikikutilia chuma, mzee, huenda ukarudi hapa nikung’oe.”

Alichonieleza baada ya hapo sijaacha kukiwaza. Chini ya enameli, ile ngozi ngumu kupita kitu chochote mwilini, kuna dentini, na dentini ndiyo mwili wa jino. Takriban asilimia 70 ya uzito wake ni madini. Iliyobaki ni maji na nyuzi za kolajeni, jamaa ya zile zinazofanya kano na ngozi. Ndani yake mna vijitundu visivyoonekana kwa jicho, makumi ya maelfu katika kila milimita moja ya mraba. Kwa sababu ya nyuzi hizo dentini hunepa kidogo inapobanwa, kisha hurudi. Tena jino halikushindiliwa katika taya kama nguzo ya ua. Limening’inizwa kwa nyuzi katika nafasi ya kama sehemu ya tano ya milimita, na kila tunapotafuna linashuka na kupanda. Anayeuma kwa magego aweza kubana kwa nguvu ya zaidi ya kilo 50, na meno hayo hayo yakamjulisha kuwa kuna chembe ya mchanga katika sukuma wiki. Nani aliyepima hayo yote, akayaweka mahali pasipofika hata kidole vizuri? Mimi nilinyamaza, na si kwa sababu ya ganzi.

Binadamu naye amehangaika. Mwaka 1728 Mfaransa Pierre Fauchard aliandika jinsi ya kusimika jino juu ya mzizi kwa vijiti vya dhahabu na fedha. Wakaja wa chuma cha pua, wakidhani kigumu zaidi ndicho bora. Lakini chuma hicho ni kikaidi kupinda mara kumi na zaidi kuliko dentini. Jino linaponepa, chenyewe hakinepi. Mzigo mwingi unalalia ncha yake, nacho kinageuka kabari inayoupasua mzizi kwa urefu. Mzizi uliopasuka hivyo kwa kawaida hauna dawa ila koleo. Vijiti vya nyuzi, vilivyoanza kutumika mwishoni mwa karne iliyopita, vinakaribia unepaji wa dentini. Vikishindwa, mara nyingi hung’oka au kukatika vyenyewe, na mzizi ukabaki wa kutengenezwa tena.

Kijiti hakifiki mwisho wa mzizi. Milimita nne au tano za chini huachiwa gataperka, utomvu mgumu wa mti wa nchi kama Malaysia. Utomvu huo huo ndio uliofunika waya wa simu ya maandishi uliopita chini ya bahari hadi Zanzibar mwaka 1879. Leo uko kinywani mwangu.

Nikauliza kama sasa mzizi wangu umekuwa na nguvu kuliko awali. Hapana, akasema, na wengi hukosea hapo. Kijiti kazi yake ni kushika kile kinachojengwa juu. Nguvu ni ya dentini iliyobaki, na ndiyo maana hakutaka kuchimba hata chembe pasipo haja. Taji, ile kofia inayofunika jino, linapovishwa hukumbatia ukingo wa jino halisi, kama pete ya chuma kwenye mpini wa patasi inavyozuia mti usipasuke nyundo ikipigwa. Ukingo huo ukikosekana, hakuna kijiti cha kutegemewa.

Basi jino lako likivunjika, usianze kwa kuomba ling’olewe. Mwambie daktari apime kilichosalia juu ya ufizi. Zikipatikana kama milimita mbili kulizunguka jino, bado lina mahali pa kushikwa.