Maumivu Yasiyo na Jeraha na Swali la Uzima

Mwanamke anayeumwa mabega, kiuno na magoti kwa zaidi ya miezi 3, huku picha na vipimo vya damu vikionesha kwamba hana kitu, huzua swali lisilomalizwa na hospitali peke yake: je, maumivu yasiyo na jeraha ni ya kweli? Elimu ya tiba, inayoyaita maumivu sugu yaliyoenea mwilini na aina yake mojawapo faibromialjia, hujibu kwamba ni ya kweli, kwa kuwa ubongo na neva huweza kuzidisha ishara za maumivu hata pale ambapo kiungo hakikuharibika.

Huko Kasungami, mtaa wa komuni ya Annexe mjini Lubumbashi, swali hili lina mapokeo yake. Katika mji huo, ulipokuwa ukiitwa Elisabethville, kilichapishwa mwaka 1945 kitabu cha padri Placide Tempels kuhusu falsafa ya Kibantu, kilichodai kwamba kuwapo ni kuwa na nguvu ya uhai, nayo hukua au kupungua kadiri mtu anavyohusiana na wenzake. Na katika miaka ya 1950 mafundisho ya Tempels yalizaa Jamaa, kundi la Wakatoliki wa Katanga, waume kwa wake, waliofundishana kwa Kiswahili mawazo ya uzima, uzazi na mapendo.

Mawazo hayo yana hatari yake, kwani maumivu yakihesabiwa kuwa ni nguvu iliyopungua, hutafutwa aliyeiiba, na anayepatikana (wala si ajabu) ni bibi kizee asiye na mtetezi. Hata hivyo yanaona jambo ambalo vipimo havilioni, kwamba uzima hukuzwa baina ya watu.

Kuhusu tiba ya faibromialjia, mwongozo wa mabingwa wa Ulaya wa mwaka 2016 ulipendekeza kwa mkazo jambo moja tu, yaani mazoezi ya mwili, ambayo huanza kidogo na kuongezwa polepole. Mwanamke anayejitwika bidoni ya maji ya lita 20 na kusonga bukari, yaani ugali, kila siku ana haki ya kuuliza ni mazoezi gani zaidi anayotakiwa. Lakini mzigo haumpi nafasi ya kupumzika, ilhali zoezi hupimwa na mwenye mwili, naye hulisimamisha kabla halijamshinda. Basi apate wa kumpokea bidoni, apate usingizi, na asadikiwe anaposema anaumwa. Mume anayemwombea mkewe apone, huku akimwachia maji yote ayachote peke yake, hajaanza bado kumwuguza.