Amejitakia

Katika vijiji vyetu vya bonde la Kilombero, toka Kidatu hata Mlimba, kuna neno moja lisemwalo upesi, nalo hufunga mazungumzo yote. Neno lenyewe ni "amejitakia". Kijana aliyekwenda mjini kutafuta kazi amerudi amekonda, macho yake mazito, mikono yake ina makovu. Ameuza baiskeli ya baba yake na sufuria za mama yake. Majirani wakiulizwa yafaa afanyiwe nini, hujibu kwa neno hilo moja. Nataka tulipime, ndugu wasomaji, maana limekuwa hukumu, nayo hutolewa na watu ambao katika mambo mengine si wakali.

Hatulisemi kwa kila mtu. Mvuvi ategaye nyavu katika mto wetu ajua vema kwamba mna mamba na viboko, lakini mtumbwi wake ukipinduka, hakuna asimamaye ukingoni kuuliza nani aliyemtuma. Mkulima akilala katika dungu kulinda mpunga wake bila chandarua, akapatwa na malaria, huchukuliwa hospitali ya Mtakatifu Fransisko pale Ifakara, wala haulizwi habari za chandarua kwanza ndipo apewe dawa. Mlevi wa pombe akitumbukia shimoni usiku, twamtoa, huku tukimcheka. Basi si kweli kwamba desturi yetu ni kumwacha kila mtu aliyejiponza. Twamwacha huyu wa unga peke yake. Labda ni kwa sababu ametuibia, na jambo hilo ni la kweli, nitalirudia. Lakini nadhani ni kwa sababu pia hatuujui ugonjwa wenyewe.

Heroini, ambayo vijana huiita unga, hutengenezwa kwa afyuni, yaani utomvu wa tunda la mpopi. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya afyuni ya dunia ilitoka Afghanistan, na unga wake ukavushwa Bahari ya Hindi kwa majahazi hata pwani yetu. Katika miaka ya 1980 ulikwisha kuonekana Mombasa, Unguja na Dar es Salaam. Sisi wa bara tulijiona tuko mbali. Lakini reli ya TAZARA yapita katika bonde letu tangu miaka ya 1970, na daraja la mto Kilombero, lililofunguliwa rasmi mwaka 2018, limetuondolea taabu ya pantoni. Twalishukuru sana daraja hilo. Hata hivyo njia iletayo mbolea na mabati haichagui abiria.

Mwanzoni mtu huvuta kwa kumfuata rafiki, au ili asahau taabu zake, naye huona raha. Majuma machache yakipita, mwili umekwisha kuizoea dawa ile hata hauwezi kukaa bila hiyo. Akiikosa kwa saa chache, pua na macho humtiririka, mifupa humwuma, hutapika, huhara, hutetemeka, wala usingizi haupati. Wenyewe huiita hali hiyo arosto. Toka siku ile havuti tena kwa ajili ya raha; huvuta apate kusimama. Wengine huacha kuvuta wakaanza kujidunga sindano, na sindano ile ikipita kwa watu wawili watatu, UKIMWI na homa ya ini hupita pamoja nayo.

Sasa tuliulize neno letu: ni lipi alilojitakia? Kete ya kwanza aliitaka, sikatai. Wako watu wasemao kwamba huyu hana kosa lo lote, kwamba ni mgonjwa tu kama mtoto mwenye surua. Mimi siwafuati hata huko. Tukimwambia mtu kwamba hakutenda neno lo lote, bali mambo yalimpata tu, tumemwondolea aibu, lakini tumemwondolea na utu pia. Na kesho, tutakapomtaka aamke alfajiri aende kunywa dawa, tutamtaka kwa nguvu gani, kama hana nia yake mwenyewe? Lakini kete ya elfu si sawa na kete ya kwanza. Nia yake haikufa. Ni kama mguu uliovunjika. Ungali mguu wake, nao waweza kuunga, ila kwa sasa hauwezi kumbeba pasipo fimbo. Amwambiaye mwenye mguu uliovunjika, "Simama, uwe mwanamume," hamheshimu, bali amwangusha mara ya pili.

Na hapa nataka kukaa kidogo, maana kuna jambo ambalo jamaa nyingi hulifanya kwa upendo, nalo huua. Baba humchukua mwanawe, humfungia chumbani, pengine humfunga kamba, hata siku saba au kumi, mpaka ile arosto ipite. Kijana hulia, kisha hunyamaza, kisha hula ugali. Jamaa humshukuru Mungu, humpeleka shamba miezi miwili, naye hunenepa. Wote husema amepona. Lakini tamaa ya dawa haitoki pamoja na matapishi. Yaweza kukaa miaka. Siku moja akutana na rafiki wa zamani, avuta au ajidunga kipimo kile kile alichokizoea. Mwili wake umekwisha kusahau kukistahimili. Pumzi hupungua, midomo hugeuka rangi, naye hulala asiamke. Waganga wa hospitali wanalijua jambo hili vizuri: hatari kubwa ya kufa huja baada ya mtu kukaa bila dawa, akitoka kifungoni au chumbani alikofungiwa. Ipo dawa iitwayo naloksoni iwezayo kumwamsha mtu wa namna hiyo, ikiwa iko karibu. Ikiwa iko mbali, ni kana kwamba haipo.

Kwa hiyo madaktari katika nchi nyingi walitafuta njia nyingine. Huko New York, katika miaka ya 1960, walianza kuwapa wagonjwa wa heroini dawa iitwayo methadoni. Hii nayo ni ya ukoo mmoja na heroini, lakini hunywewa, hukaa mwilini usiku na mchana, huondoa arosto, wala haimpi mtu ulevi ule anaoufuata. Mwaka 2005 Shirika la Afya la Dunia liliiandika katika orodha ya dawa za lazima. Kwetu Tanzania kliniki ya kwanza ilifunguliwa katika hospitali ya Muhimbili mwaka 2011. Zikafuata za Mwananyamala na Temeke, na Unguja, kisha katika miji mingine kama Mbeya, Dodoma na Mwanza. Mgonjwa huja kila siku, hunywa kipimo chake mbele ya mwuguzi, kisha huenda zake kazini. Hapana uchawi ndani yake, wala haiponyi kwa juma moja.

Watu wengi wema huchukizwa wanaposikia hayo. Husema, "Mmembadilishia kamba tu. Jana alikuwa mtumwa wa muuza unga, leo ni mtumwa wa hospitali." Si neno la kipumbavu. Yafaa lijibiwe, na jibu lake halipo New York; lipo ng'ambo ya mto wetu, huko Mahenge.

Kati ya ndugu zetu Wapogoro kifafa kilikuwa kingi sana, nacho kilitisha. Watu waliogopa kwamba mate ya mgonjwa huambukiza. Wagonjwa wakatengwa, wakalishwa peke yao, na aliyeangukia motoni pengine alikosa wa kumshika. Mwaka 1960 daktari mmoja, Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norwe, alianzisha huko kliniki ya kifafa. Aliwapa wagonjwa fenobabitoni, kidonge cha kila siku. Kifafa hakikung'olewa. Dawa hiyo ikikatika ghafula, degedege huweza kurudi kwa nguvu kuliko kwanza. Lakini wale walioitumia kwa uaminifu waliacha kuanguka, wakarudi kukaa na watu. Je, ni nani aliyesema kwamba wamekuwa watumwa wa kidonge? Ndugu zetu wenye virusi vya UKIMWI nao humeza dawa kila siku, nao wanalima, wanasomesha watoto, na baadhi yao wanaimba katika kwaya zetu.

Mtu atasema kwamba mwenye kifafa hakujitakia. Kweli. Lakini swali tulilokuwa nalo halikuwa la kosa, lilikuwa la uhuru: je, atumiaye dawa kila siku ni mtu huru? Naona uhuru si kutohitaji kitu, maana sote twahitaji. Uhuru ni kuweza kutimiza yaliyo wajibu wako: kuamka, kulima, kutunza neno ulilompa mkeo. Mtumwa wa unga hawezi hata moja katika hayo, maana fikira zake zote ziko katika pesa ya kete. Anywaye methadoni asubuhi anazo saa zote za mchana mkononi mwake. Kama hiyo ni kamba, ni ndefu ya kutosha kufika shambani. Lakini nisifiche upande wa pili: dawa hii yaweza kumwua mtoto au mtu asiyeizoea akiinywa, ndiyo maana hufungiwa na kutolewa kwa hesabu, tena kipimo ni kwa kila mtu na chake. Haiwezi kuuzwa dukani kama vidonge vya kichwa.

Na kwa sababu hiyo swali la umbali limekuwa swali la haki. Toka Ifakara hata Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 400. Dawa inywewayo kila siku, mbele ya mwuguzi, haiwezi kufuatwa kwa basi. Kijana wa kijijini atakiwaye kutibiwa mjini huambiwa aache jamaa, shamba na kanisa lake, akapange chumba katika mitaa ile ile auzwamo unga. Sisi tuliobaki twasema, "Mlango wa hospitali uko wazi, mbona haendi?" Mlango ulio mbali kuliko nguvu za miguu yake umefungwa, ingawa hakuna aliyeufunga kwa ufunguo. Serikali ilitunga sheria ya kupambana na dawa za kulevya mwaka 2015, na Mamlaka yake ikaanza kazi mwaka 2017, ikiwa na kazi ya kuwakamata wafanya biashara na pia kuzuia na kusimamia tiba. Twaishangilia sana kazi ile ya kwanza tukiisikia redioni. Hii ya pili yahitaji vijiji viiombe: hospitali za wilaya zitoe dawa hiyo, zahanati ziwe na mwuguzi aliyefundishwa, na wale waliokwisha kupona waajiriwe kuwashika mkono wenzao. Unguja walianza mwaka 2009 kufungua nyumba ambamo walioacha unga hukaa pamoja na kusaidiana, zikiongozwa na wenyewe waliopita njia hiyo. Diwani akisema kliniki ya namna hii italeta wahuni kijijini, aulizwe kama wahuni hao si watoto wetu waliopo tayari.

Nilisema nitarudia wizi. Mama aliyeibiwa sufuria ana haki, wala tusimwambie asahau kwa kuwa mwanawe ni mgonjwa. Deni ni deni. Ila deni hulipwa na mtu aliye hai na mwenye nguvu, naye aliyekufa kwa kete ya mwisho halipi kitu. Msamaria yule tumjuaye sote hakumwuliza majeruhi kwa nini alipita njia ya hatari peke yake. Na zaidi ya hayo alimwachia mwenye nyumba fedha, akasema atarudi. Sisi huisifu sana ile siku ya kwanza, siku ya kumbeba mtu, na kuisahau hesabu ya siku zilizofuata. Mgonjwa wa unga ataanguka tena, pengine mara mbili, pengine mara tano. Wanaomtibu hulitazamia jambo hilo kama mwuguzi atazamiavyo homa kurudi, nao humpokea tena bila hotuba.

Basi kuna kazi zisizongoja serikali. Mtu wa kwenda naye kliniki majuma ya kwanza. Nauli, ikichangwa na jumuiya kama tuchangavyo msibani. Mzee wa kusikiliza hesabu ya vitu vilivyoibwa, akaiandika, ili malipo yaanze kidogo kidogo. Na kazi ya mikono, maana saa za mchana zisizo na kazi ndizo humrudisha kwa marafiki wale. Mpunga ukiiva bondeni, kila mwenye shamba hutafuta wavunaji, na wengine huwafuata mbali. Kijana huyu yuko nyumba ya tatu toka kwako, amekwisha kunywa dawa yake ya leo, naye angoja kuona kama utamwita.